Mtu Aliyefunga Tangawizi kwa Waya wa Robota

Nyuma ya chupa ya plastiki ya Bunduki, ile soda ya tangawizi ambayo siku hizi kila harusi ya Bariadi lazima iwe mezani, kuna maandishi madogo. Mimi shule niliishia darasa la nne, nasoma taratibu kama mtu anayevuka mto asioujua, lakini neno nikilianza nalimaliza. Nimesoma yote. Yanasema Bunduki ilibuniwa na wataalamu wa kampuni, na jina lake lilichaguliwa kwa sababu ya nguvu ya ladha yake. Nikasoma tena mara ya pili. Halafu nikaitupa ile chupa ukutani. Plastiki haivunjiki. Iliruka ikanirudia miguuni.

Wataalamu! Sikia nikwambie. Bunduki haikubuniwa na mtaalamu yeyote. Ilitengenezwa hapa hapa Bariadi na mtu mmoja wa ovaroli la bluu, sisi sote tukimwita Fundi. Na mji huu huu, uliokunywa tangawizi yake kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye mavuno, ulisimama siku moja mnadani ukasema anauza sumu. Mpaka leo hakuna aliyetoka hadharani kusema kwamba tulimsingizia. Wengine wamekufa, wengine wamepata vyeo, wengine wanainywa hiyo ya plastiki na kubeua kwa raha zao. Basi nitasema mimi. Nina malori matatu ya Fuso, nina nyumba ya kulala wageni yenye maji ya bomba ndani, sikurithi hata jembe na sijawahi kupigiwa simu na mkubwa nikatetemeka. Nisiposema mimi, atasema nani?

Nilimjua mnadani. Nilikuwa kijana, nauza chumvi ya ng'ombe kwa baiskeli. Zagayu nilifika, Kimali nilifika, na Kalemela kule karibu na ziwa nilifika, matako yamechubuka na kiti cha chuma. Kila mnada nilimkuta Fundi amefika kabla yangu na mkokoteni wake wa punda, chupa zimelala kwenye majani mabichi, gunia lililoloweshwa limefunikwa juu. Nikaona kwake kuna watu kila wakati. Nikasogeza chumvi yangu jirani naye, na sikuhama tena. Wengi wanasema nilikuwa na bahati. Bahati gani? Nilikuwa na macho.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, mikono mirefu kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo kwenye jineri ya ushirika, kule pamba inakotenganishwa na mbegu. Jineri ikifungwa msimu ukiisha, yeye alihamia kwenye tangawizi. Lile ovaroli hakulivua. Lilikuwa na mafuta ya mashine mpaka likang'aa kama ngozi ya kiboko. Lakini chupa zake! Zilikuwa chupa za bia, za kahawia, alizookota na kubadilishana kwenye vilabu. Alizisugua kwa mchanga, kisha kwa majivu, kisha akazichemsha kwenye pipa, halafu akaziinua moja moja juani na kuchungulia ndani kwa jicho moja. Akiona hata kijidoa, anarudia. Mke wake alikuwa akimcheka mbele yetu.

"Chupa anaziogesha kuliko anavyooga yeye."

"Mimi hakuna anayeninywa," Fundi alimjibu, bila kuinua kichwa.

Kuuziwa na Fundi haikuwa kazi rahisi. Usukumani salamu ni kitu kizito, lakini yeye aliifanya kama geti la benki. Ukija unahema, umeshika hela mkononi, unasema nipe mbili, hakusikii. Anaendelea kupanga chupa. Mpaka usimame vizuri useme "Mwangaluka, bhabha," naye akujibu, akuulize umelalaje, nyumbani mhola, salama? ng'ombe mhola? mvua huko kwenu imegusa? Ndipo mkono wake uende chini ya gunia. Siku moja alikuja bwana mmoja wa wilayani, suti ya mikono mifupi, gari linanguruma nyuma yake.

"We mzee, lete soda haraka, tuna safari."

Fundi akamtazama kiatu, akamtazama gari. "Mwangaluka," akasema yeye kwanza, kama anamfundisha mtoto.

"Nimesema haraka."

"Na mimi nimesema mwangaluka."

Yule bwana akaangalia kushoto na kulia, jua linamchoma, dereva wake anajizuia kucheka. Mwisho akasalimia. Fundi akamuuliza habari za nyumbani kwake, za wazazi wake, mpaka za shangazi zake, na alipomaliza akamfungulia chupa iliyo baridi kuliko zote. Yule bwana akanywa, akafumba macho, akaomba nyingine, na safari hii alisalimia upya bila kuambiwa.

Sasa nieleze jinsi alivyoifanya, maana hao wa plastiki hawajui, wao wanasukumia gesi kwa mashine kama wanajaza tairi. Tangawizi yenyewe huku kwetu hailimwi. Madereva wa malori walimletea kutoka Kigoma na Bukoba. Aliitwanga kwenye kinu pamoja na maganda yake, akachemsha na sukari, enzi zile sukari yenyewe ya kupangia foleni, akaacha ipoe, akatia ndimu na hamira kidogo sana, akajaza chupa. Kizibo alikikata kutoka kwenye malapa mapya, ya dukani, hajayavaa mtu. Alikuwa na kipande cha bomba kilichonolewa, anagonga mara moja kinatoka kizibo cha mviringo. Akavichemsha. Kisha juu ya kizibo akafunga waya. Waya huo ni ule wa kufungia marobota ya pamba, vipande vilivyotupwa jineri. Aliuzungusha shingoni mwa chupa, akaupitisha juu, akausokota kwa koleo, na mwisho wake akaukunja kwa ndani ili usimkwaruze mtu. Kila fundi ana sahihi yake. Ile ilikuwa sahihi ya Fundi.

Na baada ya hapo alizilaza kwenye mbegu za pamba. Hiyo ndiyo siri ambayo haikuwa siri, kila mtu aliijua. Mbegu za pamba zikirundikwa zinapata joto zenyewe ndani kwa ndani, kama ng'ombe waliolala pamoja. Fundi alizika chupa zake kwenye lundo la jineri, mbegu zile nyeupe zenye manyoya zinazokwenda kukamuliwa mafuta, zile zile tunazowapa ng'ombe kiangazi. Alikuwa anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anafumba macho, anasikiliza joto. "Bado zinalala," anasema. Au: "Zimeamka, toa." Ukimharakisha anakasirika. "Usinihimize. Mimi sichemshi, inachemka yenyewe."

Jina sasa. Hakulitoa yeye, yeye aliiita tangawizi tu. Lilikuwa jua la kiangazi, mchana, kuna harusi kijiji cha jirani, na Fundi amepeleka mzigo mapema. Vijana wa harusi wakauweka mkokoteni juani badala ya kivulini, wakaenda kutazama ngoma. Joto likafanya kazi yake. Chupa ya kwanza ikalia paa! Kizibo kikaruka juu ya paa la nyasi. Ya pili ikafuata. Ya tatu ikapasuka kabisa. Siku zile wezi wa ng'ombe walikuwa wanakuja na silaha, watu wana hofu. Mama mmoja akapiga yowe, "Wezi! Wana bunduki!" Filimbi zikalia. Sungusungu wakatoka kila upande, pinde mkononi, mishale imeshawekwa tayari, wakauzingira mkokoteni wa harusi. Bwana harusi alikuwa chini ya meza. Na chupa zinaendelea kulia, paa, paa, povu linatiririka kwenye magurudumu, punda amekata kamba amekimbia.

Mkuu wa sungusungu akasogea polepole, akachovya kidole kwenye povu, akalamba. Akalamba tena.

"Huyu mwizi mtamu," akasema.

Fundi alitozwa faini pale pale kwa kutisha kijiji. Faini ilikuwa zile chupa zilizobaki, na sungusungu walizinywa wenyewe, pinde zimelazwa majanini. Kuanzia siku hiyo mtu akija mnadani anauliza, "Bunduki ipo?" Fundi mwenyewe alilichukia hilo jina. Aliona linamdhalilisha, kama vile hakujua kufunga chupa. "Niliwaambia kivuli," alikuwa anasema miaka na miaka baadaye, "niliwaambia wazi, kivuli." Sasa njoo uniambie jina lilichaguliwa na wataalamu kwa sababu ya ladha. Wakati linachaguliwa, mtaalamu wenu alikuwa chini ya meza ipi?

Alikuwa mtu wa ajabu, sitaki kumpaka asali. Pombe hakugusa, na kinywaji chake chenye hamira kilikuwa kinataka kuwa pombe kila siku. Basi chupa ikikaa kupita siku zake aliimwaga chini hata kama watu wanamlilia. Nimewahi kumwona anamwaga mzigo mzima, huku vijana wamepiga magoti wanakinga kwa viganja. Alikuwa mpole kwa chupa, mkali kwa watu. Chakula atakugawia mpaka tonge la mwisho, lakini chupa tupu ukiondoka nayo atakufuata hadi nyumbani kwenu. Unywe hapo hapo, umesimama, urudishe. Na ukimaliza hakuulizi kama ni tamu. Anakugusa kifuani kwa kidole. "Imefika hapa?" Ukisema ndiyo, basi. Ukisema bado, anakunja uso, na mzigo unaofuata utakupasua mapafu.

Kuna jambo moja lazima ulielewe, maana ndilo lililomponza. Kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, pombe au hata maziwa, anaonja yeye kwanza. Anakunywa funda moja mbele yako, halafu anakupa. Maana yake: sina ubaya na wewe, kama kuna kitu kitanianza mimi. Fundi hakuonja. Tangu mwanzo wazee walimdai.

"Fundi, onja basi."

"Nionje kitu gani? Nimekifunga kwa waya. Nakufungulia mbele ya macho yako. Aliyeingia humo ndani kapitia wapi?"

"Ni desturi, ngosha."

"Desturi ni ya kibuyu kilicho wazi. Mimi sitaweka mdomo wangu kwenye chupa yako."

Walinung'unika, wakanywa. Wakazoea. Ule waya ukawa ndio kuonja kwake. Mzee mmoja alikuwa anaupokea waya uliokunjuliwa, anautazama, anautia mfukoni, halafu ndipo anakunywa.

Ikaja ruksa. Soko huria. Kila kitu kilichotoka nje ya Bariadi kikawa kizuri, na kila kilichotoka Bariadi kikawa cha kishamba. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani zao, jineri ya ushirika ikawa inasimama mara inakwenda mara inasimama, Fundi na wenzake wakarudishwa nyumbani. Hakulia. Alinunua mbegu za mafuta kwa magunia, akachimba shimo nyuma ya nyumba yake, akalijaza, akaendelea. Mimi mwenyewe ruksa ilinitoa, siikani. Niliacha chumvi nikaingia kwenye nguo za mitumba, nikapata lori la kwanza wakati wenzangu wenye vyeti wanasubiri kuitwa kazini. Siwalaumu watu kwa kupenda vitu vipya. Nawalaumu kwa walichofanya.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja akapata uwakala wa soda kutoka mjini. Tumwite Wakala. Sura nzuri, sauti nzuri, shati limepigwa pasi. Alileta soda za kila rangi, kwenye kreti, na sanduku la barafu. Ziliuzika, lakini si kama alivyotaka. Watu wananunua yake moja kwa kujionyesha, halafu wakiwa na kiu ya kweli wanasogea kwa Fundi. Kreti zinarudi dukani zimejaa. Aliniambia mwenyewe, siku moja tumesimama kwenye foleni ya dizeli, "Yule mzee wa ovaroli ananikaba koo." Nikamwambia shusha bei. Akacheka.

Jumamosi iliyofuata alikuja mnadani na pikapu, spika mbili juu, muziki unapiga. Watu wakajaa. Akazima muziki. Akainua kagunia kadogo.

"Ndugu zangu, mnajua Bunduki inalala wapi kabla hamjainywa?"

"Kwenye mbegu!" watu wakaitikia, wanacheka.

"Mbegu zipi?"

Akakafungua. Zilikuwa mbegu za kupandia. Zile zilizopakwa dawa ya kuua wadudu, ambazo unazinusa kabla hujaziona, ambazo mama anakuchapa ukizigusa kisha ukala bila kunawa. Akapita nazo katikati ya watu, akiwanusisha mmoja mmoja. "Nusa, mayu. Nusa, baba. Hizi ndizo zilizomo kwenye shimo nyuma ya nyumba yake. Mimi sisemi kitu. Ninyi nuseni tu."

Ngoja hapa. Ngoja kidogo. Watu wale walikuwa wakulima wa pamba! Si wageni. Walizaliwa kwenye pamba, waliachishwa ziwa kwenye pamba, hata gizani kwa kidole wanaijua mbegu ya kupanda na mbegu ya mafuta. Mbegu ya kupandia wenyewe walikuwa wanaigombania kila msimu haitoshi. Fundi angeitoa wapi ya kujaza shimo? Na shimo lenyewe lilikuwa pale pale, mwendo mfupi tu. Kilichotakiwa ni mtu mmoja, mmoja tu, aende akachukue kiganja kimoja anuse. Hakwenda hata mmoja. Mama aliyekuwa na chupa mdomoni akatema. Mwingine akamwaga yake chini, kwa madaha, ili aonekane anamwaga. Ndipo nikaelewa. Hawakudanganyika. Walikuwa wanatafuta sababu. Walikuwa wanaona aibu kunywa kwenye chupa iliyofungwa waya wakati wenzao wamebeba soda ya rangi, na Wakala amewaletea sababu kwenye kagunia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkokoteni, koleo mkononi. Nikamrukia.

"Fundi, simama! Kunywa mbele yao! Fungua moja unywe, yaishe!"

"Sinywi."

"Kwa nini? Funda moja tu, watu waone!"

"Nimewanywesha mpaka watoto wao wameoa. Leo nionje kama mtu aliyeshikwa?"

"Watakumaliza!"

"Waya wameuona," akasema. "Waya hawajautaka. Mdomo wangu utawatosha?"

Na umati umeanza sasa kuimba, "Onja! Onja! Onja!" Na yeye anasokota kile kipande cha waya kidoleni, hatazami mtu. Mimi nikachukua chupa, nikaing'oa waya, nikanywa yote, nikachukua ya pili, nikanywa, nikapiga kelele nikiwa juu ya baiskeli ya mtu, nikawaita majina yao ya ukoo na ya utani, nikawaambia walivyo. Kijana mmoja akasema, "Huyo ni jirani yake, kalishwa." Wakacheka. Nilitamani kumng'ata.

Hiyo ndiyo hasira yangu ya pili, na ni juu ya Fundi mwenyewe. Nilimkasirikia miaka mingi. Funda moja! Mtu aliyeweza kumfundisha bwana wa wilayani kusalimia, akashindwa kufungua mdomo wake kuokoa kazi yake mwenyewe. Nilimwambia hivyo akifunga punda. Akanijibu, "Wewe unauza nguo. Ukiuza shati unalivaa kwanza?" Tukaachana bila kuagana vizuri. Mnada uliofuata alikuja, akakaa mpaka jua likainama, hakuuza hata moja. Akazimwaga zote, akarudi na chupa zinagongana tupu. Hakuja tena.

Unafikiri imeishia hapo? Bado. Soda za Wakala zilinywewa, lakini watu hawakuacha kuuliza. Mtu amekaa dukani kwake, anakunywa ya rangi, anasema, "Lakini Bunduki ilikuwa inafika." Wakala si mjinga. Miaka ilipopita, na watu wa kampuni moja ya mjini walipokuja kuzunguka wakitafuta kinywaji cha kuwavuta watu wa kanda hii, aliyewapa jina la Bunduki ni yeye. Mtu yule yule wa kagunia! Akawa wa kwanza kuisambaza. Kwenye sherehe ya kuizindua niliitwa, maana malori yangu ndiyo makubwa, wakitaka nibebe mzigo wao. Nilikaa kiti cha mbele. Wakala akasimama na kipaza sauti, ameshakuwa mzee lakini shati bado limepigwa pasi, akasema, "Hiki ni kinywaji cha wazee wetu." Nikasimama, nikauliza kwa sauti yangu hii ya mnadani, "Wazee wepi? Wataje!" Wakaongeza muziki. Mzigo wao sikuubeba, na sitaubeba.

Siku hiyo hiyo, na hasira zangu, nikaendesha gari mpaka kwa Fundi.

Nilikuwa sijamwona muda mrefu. Nyumba ni ile ile, bati limekuwa na kutu. Mke wake alishafariki. Nilimkuta nyuma, amechuchumaa kando ya shimo, ovaroli limebaki rangi isiyo na jina, mkono umezama kwenye mbegu mpaka kwenye kiwiko, macho amefumba.

Nikaanza, "Fundi, unajua wanachofanya..."

Hakujibu. Nikakumbuka. Nikasimama vizuri, nikasema mwangaluka, bhabha. Akafumbua macho. Akaniuliza nimelalaje, nyumbani mhola, watoto mhola, magari mhola. Ndipo akatabasamu.

"Unatengeneza bado?" nikamuuliza.

"Kidogo. Za wazee. Na kinamama waliojifungua. Wanapitia huku nyuma."

Nikamwambia yote. Jina, chupa ya plastiki, Wakala na kipaza sauti. Nikamwambia nina hela, nina malori, nina wakili, tufungue kiwanda, tuwaburuze, tuweke waya juu ya kila chupa, nchi nzima ijue. Nilikuwa napiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Jina wachukue," akasema. "Sikulipenda tangu mwanzo. Niliwaambia kivuli."

Akachomoa chupa kwenye mbegu, akaifuta kwa kiganja. Waya ule ule, ncha imekunjwa ndani. Akaukunjua polepole, vidole vimekakamaa, kizibo kikalia ule mlio wake, povu likapanda. Nikanyoosha mkono.

Naye akaipeleka mdomoni kwake. Akanywa funda moja, akameza, akafuta mdomo wa chupa kwa mkono wa ovaroli, akanipa.

Mkono wangu ulibaki hewani.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nini?"

"Umeonja!"

Akaitazama chupa, akanitazama. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujiona. "Ah," akasema. "Nimezoea, ng'wanone. Walivyoanza kurudi walikuwa wanaogopa. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anasema Fundi onja kwanza. Wa kwanza nilimfukuza. Halafu nikawaza, mtu anayeogopa hafaidi kinywaji. Hakifiki kifuani, kinakwama hapa." Akagusa koo. "Basi nikawa naonja, wanywe kwa amani."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, na wengine mtasema huo ndio ukubwa wa mtu. Mimi sisemi hivyo. Mimi niliona mji mzima umekaa ndani ya lile funda moja. Alikataa mbele ya umati unaoimba, nami nikamwona mjinga. Kumbe walikuja kumnyang'anya funda hilo baadaye, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, wakiwa na watoto mgongoni. Nilitamani anywe, miaka yote ile nilitamani anywe, na siku nilipomwona anakunywa nilitaka kulia kama ng'ombe anayechinjwa.

"Hii siinywi," nikamwambia. "Fungua nyingine."

"Ina nini hii? Nzuri."

"Fungua nyingine, usionje. Mimi si wao, Fundi. Mimi siku ile nilikunywa mbili."

Akaiweka ile kando, wima, kwa uangalifu. Akazamisha mkono kwenye mbegu, akatoa nyingine, akasokotoa waya. Kizibo kikalia. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, wenyewe, na nikauona ukisimama njiani. Ukakaa hapo. Povu likamtiririkia vidoleni. Kisha akanyoosha mkono, akanipa.

Nikanywa nimesimama, mpaka tone la mwisho, bila kuvuta pumzi. Nikamrudishia chupa yake. Akanigusa kifuani kwa kidole.

"Imefika hapa?"

Nikauokota ule waya chini, nikautia mfukoni.